Tatizo Lisilo na Mwizi

Mayala wa Mwagimba alikuwa katibu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo alishindwa kumleta mwizi mbele ya wanakijiji mara mbili tu. Mara zote mbili mwizi alimjua, ila alikuwa shemeji yake. Mambo hayo aliyamaliza mwenyewe kimyakimya, kwa namna ambayo shemeji hakuipenda, na kijiji kikaendelea kulala usingizi.

Si kwamba alikuwa mtu wa miraba minne. Ni mfupi, mwembamba, analima pamba na mpunga kama wenzake wote wa upande ule wa Ushirombo, na ana ng'ombe saba ambao kila mmoja kampa jina. Silaha yake ilikuwa maswali matatu. Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Nani alikuona? Aliyauliza kwa sauti ya chini, bila haraka, na akishamaliza la tatu alirudi kwenye la kwanza. Wapo vijana wa machimboni, watu waliozoea kudanganyana na madalali wa dhahabu mchana kutwa, waliokaa mbele ya maswali hayo dakika kumi wakaanza kukiri hata mambo ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Nyumbani nako alikuwa vilevile, maana hakujua namna nyingine ya kuzungumza na watu. Mtoto akichelewa kisimani alikutana na maswali matatu mlangoni, mpaka ikafika mahali watoto wakawa wanajibu kabla hawajasalimia. "Nilikuwa kisimani, nilikuwa na Ghati, mama yake katuona, shikamoo baba." Mayala aliitikia marahaba na kuridhika kwamba katika nyumba yake watu wanazungumza.

Mtoto wake wa kwanza ni Wema, binti wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Nyuma yake wapo wavulana wawili wadogo ambao kazi yao kubwa wakati huo ilikuwa kuvunja vitu. Wema ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa, na ndiye aliyekuwa akimwigiza baba yake jikoni, na yale maswali matatu, mama yake akicheka mpaka ugali unaungua. Mayala alijifanya hasikii. Kwa kweli alikuwa akisimama nje ya jiko makusudi ili asikie.

Baada ya likizo ya mwezi wa sita, jiko likanyamaza.

Rhoda, mama yake, ndiye aliyeona kwanza. Mtoto anamega ugali, anauviringa, anaushika, anaurudisha sahanini. Anarudi shule anapitiliza kitandani na viatu mguuni. Kwaya ameacha, hasemi kwa nini. Darasani, alikokuwa wa nne, akawa wa ishirini na tisa, na barua ya mwalimu ilipokuja aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akaenda kulala.

"Baba Wema," Rhoda alisema, "huyu mtoto amezima."

"Anakua," Mayala alijibu.

"Nimezaa watatu, kukua nakujua. Huku si kukua."

Mayala alilifikiria jambo hilo siku mbili, kisha akalifungulia upelelezi. Ndivyo alivyofanya, wala tusimcheke mapema. Mtu mwenye nyundo kila kitu kwake ni msumari, na mtu aliyekamata wezi miaka kumi na minne, akiona kitu kimepotea, anatafuta aliyekichukua. Furaha ya Wema ilikuwa imepotea. Basi yupo aliyeichukua.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa Masudi, kijana wa duka la kuchajia simu za wachimbaji, kwa sababu alikuwa kijana, alikuwa mgeni, na alivaa heleni. Masudi alihojiwa dukani kwake kwa muda unaotosha kujaza simu betri. Alieleza alikuwa wapi mwezi mzima, na nani, na nani alimwona. Mwisho akasema, "Mzee Mayala, kwa heshima kabisa, mwanao hajawahi hata kuniambia mambo. Akileta simu ya mama yake anaiweka hapo juu, anaondoka." Mayala aliondoka akiwa amemwamini, na akiwa amekasirika kidogo, kwa sababu Masudi angefaa sana kuwa mwenye makosa.

Wa pili alikuwa mwalimu wa darasa. Wa tatu, mwalimu wa hesabu. Wa nne, Ghati, rafiki yake Wema, aliyelia kabla ya swali la pili kwa kuwa alidhani Wema amekufa. Akawahoji waimbaji wa kwaya, mwenye mashine ya kukoboa, na bibi mmoja ambaye Wema humpelekea maji. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtongoza, hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwibia. Ushahidi wote ulionyesha kwamba hakuna kilichotokea. Katika kazi yake Mayala hakuwahi kupata ushahidi mbaya kama huo, na kwa mara ya kwanza akashindwa kumaliza chakula chake.

Kosa lenyewe alilifanya Jumamosi, saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali.

Alikuwa anatoka shambani. Alipita nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la Wema, akasikia mtu analia. Hakikuwa kilio cha kuchapwa wala cha kufiwa. Kilikuwa cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo ili asisikike. Mayala akazunguka, akagonga mlango.

"Wema."

Kilio kikakatika.

"Wema, fungua. Ulikuwa wapi leo?"

"Niache, baba."

Akasukuma. Komeo limefungwa kwa ndani. Akagonga tena, akaita tena, na safari hii hakujibiwa kabisa. Hapo, wasomaji, hofu ilimshika Mayala. Rhoda alikuwa kisimani. Hapakuwa na mtu. Mwili ukafanya ulichozoea kufanya katika hatari kwa miaka kumi na minne: mkono ukaingia mfukoni, ukatoa filimbi, na Mayala akapuliza mwano.

Kwa asiyejua, mwano ni mwito wa hatari, na hauna ombi ndani yake. Ukiusikia, uliloshika unaliacha hapohapo. Anayelima anaacha jembe, anayekula anaacha tonge, na asiyetokea anatozwa faini. Sheria hiyo Mayala mwenyewe aliisimamia kwa ukali, kwa hiyo walitokea wote. Walikuja na fimbo, mikuki, pinde na mapanga. Mmoja alikuja na povu la sabuni usoni. Wawili waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa shamba walikuja kwenye baiskeli moja. Chini ya robo saa nyumba ilikuwa imezingirwa, na ntemi, yaani kiongozi wa sungusungu, mzee Bujiku, akapita mbele akihema.

"Yuko wapi?"

"Nani?" akauliza Mayala.

"Mwizi!"

Mayala akarudisha filimbi mfukoni. "Hakuna mwizi, ntemi. Mtoto analia."

Waliokuwa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma. Wa nyuma wakauliza tena kuhakikisha. Ndipo komeo likafunguka, Wema akatoka, macho yamevimba, kanga ya mama yake mabegani, akidhani nyumba imevamiwa. Akakuta wanaume wa kijiji kizima, na silaha zao, wamesimama wanamtazama yeye.

"Haya, binti," Bujiku akasema kwa upole wote aliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi, "tuambie. Nani kakuliza? Tumfuate sasa hivi."

Wema aliwaangalia. Halafu akamwangalia baba yake, kwa muda ambao Mayala angeukumbuka kuliko alivyopenda. Akarudi ndani, akafunga komeo.

Kwa kuwa watu walikuwa wameshakusanyika, kikao kikafanyika. Mmoja alishauri binti aolewe. Wa pili alisema apelekwe kwa mganga, anamjua mmoja mzuri. Wa tatu alisema ni simu, na alipoambiwa binti hana simu, akasema basi ni kukosa simu. Likaja suala la kupiga mwano pasipo mwizi, ambalo lina kifungu chake. Mayala, kama katibu, alilazimika kukisoma kifungu hicho mwenyewe. Alitozwa jogoo, naye jogoo akachinjwa jioni hiyohiyo, na kwa mujibu wa utaratibu aliyetozwa haruhusiwi kumla.

Jumatatu Wema alienda shule, wenzake wakamwuliza kama kweli jeshi zima lilikuja kumbembeleza. Jumanne hakwenda. Na tangu Jumamosi ile hakumsemesha baba yake neno. Shikamoo aliitoa, maana ni mtoto aliyelelewa, lakini aliitoa akitazama ukuta.

Rhoda alisubiri siku tatu hasira ipungue. Haikupungua, basi akaitoa ilivyo.

"Mlango wa mtoto mmoja," alisema, "umeshindwa kuungoja wewe mmoja, ukauitia kijiji. Mtoto alikuwa analia kwa siri, Mayala. Siri ndiyo ilikuwa blanketi lake, na wewe ukamvua mbele ya wanaume." Hakumwita Baba Wema. Mayala alilitambua hilo.

"Niliogopa," akasema.

"Najua uliogopa. Na mimi naogopa. Kesho tunakwenda kwa nesi."

Nesi Rebeka wa zahanati alisomea uuguzi Kolandoto, ana miaka hamsini na kitu, na kijijini ndiye mtu pekee ambaye Bujiku humwamkia ingawa mzee huyo kamzidi umri. Aliwakalisha kwenye benchi, akamsikiliza Rhoda mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mayala. Mayala akatoa taarifa yake: majina ya waliohojiwa, tarehe, walivyojibu. Ilikuwa taarifa safi. Akamalizia kwa kuomba dawa.

"Baba Wema," nesi akasema, "umefanya kazi kubwa. Ila hapa hakuna mwizi."

"Lazima kuna kilichosababisha."

"Pengine kipo, pengine ni vitu vidogo kumi vimerundikana, pengine hata yeye hakijui. Ukiugua malaria huwa unamtafuta mbu gani aliyekuuma?"

Mayala alilichukua swali hilo kama swali. Akasema hapana.

"Huzuni ikikaa wiki mbili, tatu, ikazuia mtu kula na kulala na kucheka, hiyo ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Unatibika. Hospitali ya wilaya kuna mtaalamu wa afya ya akili, nitawaandikia."

"Mwanangu si chizi."

"Nimesema chizi?" Nesi alimtazama juu ya miwani mpaka Mayala akainamisha kichwa. "Lakini kwanza lazima akubali kuja, na wewe ndiye uliyeubana mlango, basi wewe ndiye utakayeufungua. Sikiliza. Dawa za kuulia wadudu wa pamba ziko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

"Leo hiihii zitoke nyumbani, zikafungiwe kwa mtu mwingine. Usimwambie mtu sababu. La pili: kaa karibu naye kila siku, na usimwulize kitu."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Na la tatu, akishakuzoea tena, utamwuliza swali moja tu." Nesi akasogea mbele, sauti ikashuka. "Utamwuliza kama amewahi kufikiria kufa. Kwa maneno hayohayo, bila kuzunguka."

Rhoda alishika mdomo. Mayala alisema jambo ambalo kila mzazi angelisema. "Nikimwuliza, si nitampa wazo?"

"Wazo hilo halingoji kupewa na baba. Kama halipo, atakushangaa, basi. Kama lipo, amelibeba peke yake, na atajua sasa kuna mtu anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, usisimame, usipige kelele, usimwombee hapohapo. Mshukuru amekwambia, kaa naye, kisha mlete kwangu siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, na usimwache peke yake."

Njiani kurudi Mayala alilirudia swali hilo moyoni. Alikuwa ameuliza watu mamia ya maswali usoni, wengine wana mapanga. Kwa hilo moja aliona heri angepewa mwizi wa silaha.

Dawa za pamba alizipeleka siku hiyo stoo ya Bujiku. Bujiku akauliza kwa nini. Mayala akasema panya. Ni uongo usio na maana hata kidogo, na Bujiku aliuangalia kwa muda, akafungua stoo.

Kukaa bila kuuliza ndiko kulikomshinda. Ilikuwa ni majira ya michembe, viazi vitamu vimejaa, na kila alasiri Wema alikaa uani akivimenya, akivikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba mpana uliopo nyuma ya nyumba. Ni kazi ya wanawake na watoto. Mayala akachukua kigoda, akakaa mita mbili kutoka kwa binti yake, akaanza kukata viazi. Jirani mmoja aliyepita alisimama, akatazama, akaendelea na safari yake haraka.

Siku ya kwanza swali lilimpanda kooni mara kumi na moja. Kila lilipopanda alitia kipande cha kiazi kibichi mdomoni. Usiku tumbo lilimuuma. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na tumbo pia. Siku ya tatu akagundua kwamba ukinyamaza sana unaanza kusikia vitu, kwa mfano kwamba mtoto wako anapumua kama mtu aliyebeba mzigo, na umeishi naye nyumba moja bila kulijua hilo. Lilimuuma kuliko viazi.

Vipande vyake vilikuwa vinene kama sabuni za kufulia. Siku ya nne Wema, bila kumtazama, alinyoosha mkono, akavichukua, akavikata upya. Siku ya tano na ya sita alifanya tena. Siku ya tisa alisema, "Vyembamba zaidi."

Mayala akakata vyembamba zaidi. Baadaye alikwenda zizini, akasimama kati ya ng'ombe, akafurahi mpaka akaona aibu. Rhoda, alipoambiwa, alimrudishia jina lake la Baba Wema.

Siku ya kumi alimwomba radhi. Katibu wa sungusungu kumwomba radhi mtoto ni jambo lisilo na kifungu, kwa hiyo alilisema vibaya, kwa mkato, macho kwenye kisu.

"Ile filimbi. Nilikosea."

Wema alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Watu sitini na tatu, baba."

"Uliwahesabu?"

"Nilikuwa nimesimama pale. Sikuwa na kazi nyingine."

Mayala hakujua kama anaruhusiwa kucheka, akaamua asicheke. Wema naye hakucheka, ila midomo yake ilifanya kitu kidogo ambacho haikuwa imekifanya kwa miezi miwili.

Lililobaki lilikuwa swali. Alilifanyia mazoezi kwa ng'ombe mmoja aitwaye Mabula, mnyama mtulivu, na hata mbele ya Mabula hakulimaliza. Neno la mwisho lilikuwa linakataa kutoka. Rhoda alijitolea kuliuliza yeye. Mayala akasema hapana, aliyeharibu ni yeye. Kila usiku Rhoda alilala chumbani kwa binti kwa kisingizio cha kwamba Mayala anakoroma, jambo ambalo ni kweli pia.

Alhamisi ya wiki iliyofuata walikuwa juu ya mwamba, wawili tu, wanageuza michembe ili ikauke upande wa pili. Jua lilikuwa linashuka na mwamba una joto. Visu vimebaki nyumbani. Mayala alikaa chini.

"Wema. Nakuuliza neno moja, halafu siulizi tena. Umewahi kufikiria kufa?"

Mikono ya Wema ikaacha kugeuza.

Mayala aliungoja mshangao. Aliuomba kwa Mungu wa kanisani, akauomba na kwa mababu zake wote, kwa majina. Mtoto angeshangaa, angesema baba vipi, wangerudi nyumbani wakala.

"Ndiyo," Wema akasema.

Miguu ya Mayala ilitaka kusimama. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaibana juu ya jiwe. "Asante kwa kuniambia," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma muhtasari wa kikao. Halafu, kwa sauti yake mwenyewe, "Leo pia?"

"Leo hapana. Leo nimechoka tu." Akaokota mchembe mmoja, akauvunja. "Nikiamka asubuhi, baba, nakuwa nimeshachoka kabla sijafanya kitu. Nikisikia wenzangu wanacheka naona kama wako ng'ambo ya mto. Nikisali, naona nimeongea na ukuta. Nilidhani ni uvivu. Halafu nikafikiri kwamba nikiwa sipo, mtapata nafuu, chakula kitabaki, mama ataacha kunitazama vile."

Mayala alifungua mdomo. Maswali yote matatu yalikuja kwa pamoja, na nyuma yao la nne, lililo kubwa kuliko yote. Hilo halikuzuilika. "Nani kakufanyia hivi?"

"Hakuna mtu, baba. Wewe ungependa awepo?"

"Ningependa sana," Mayala akasema. Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kutoa kijijini pale. "Ningependa awepo, awe na jina, awe na nyumba, nimfuate. Sijui kufanya kitu kingine. Lakini hatungepata nafuu, Wema. Hilo nalijua kwa uhakika. Kungekuwa na mtu anapita anafagia, anapita anapika, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa amebaki mle ndani. Mimi ningekuwa wa kwanza kwisha."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa bado imeshika miguu. Wema alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeona mvua mwezi wa saba. Hakuwahi kumwona baba yake analia. Akasogea, akakaa bega kwa bega naye.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa," Mayala akasema hatimaye, "kaka yangu alifukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la dhahabu, kule machimboni. Nilikaa miezi silali. Babu yako alisema ni uvivu."

"Ukafanyaje?"

"Niliomba kuingia doria ya sungusungu. Wao walikuwa wanatembea usiku kucha, nikaona afadhali nisilale nikiwa na watu."

Wema alilifikiria hilo. "Kwa hiyo hukuingia kwa sababu ya wezi?"

"Hapana. Wezi nilikuja kuwapenda baadaye."

Wema alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichochakaa kwa kukaa bila kutumika, na kilikatika katikati kikawa kilio. Mayala alivipokea vyote viwili.

Jua lilipokuwa linazama alimwambia kuhusu nesi. Wema akauliza ni nani watakaojua. Mayala akahesabu kwa vidole: nesi, mama, na yeye mwenyewe. "Na yule mtaalamu wa wilayani, kama utakubali kumwona. Basi."

"Si kijiji?"

"Si kijiji."

"Nitakwenda," Wema akasema. "Lakini chumbani kwa nesi naingia peke yangu. Usikasirike, baba. Sijui kama naweza kuongea ukiwepo."

Mayala alisema hakasiriki. Alikuwa ameumia, lakini kuumia na kukasirika ni vitu viwili, na alikuwa ameanza kuvitofautisha akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Usiku ule Rhoda na binti walilala kitanda kimoja. Asubuhi, kabla umande haujakauka, watatu wakafika zahanati. Benchi lilikuwa limejaa. Mwishoni kabisa alikaa Bujiku, ntemi mwenyewe, amekuja kupima presha.

"Mwangaluka," akawasalimu. Walipomwitikia, akatazama kutoka kwa mmoja hadi mwingine. "Nani mgonjwa?"

Nusu ya benchi iligeuka. Wema akainamia miguu yake. Mayala alimpenda Bujiku na kumheshimu, na katika miaka kumi na minne hakuwahi kumficha jambo isipokuwa yale ya shemeji na lile la panya.

"Ni la nyumbani kwangu, ntemi," akasema. "Halihitaji watu."

 Bujiku akaitikia kwa kichwa, akasogea, akawapa nafasi wakae.

Nesi akaita. Wema akainuka, akaingia, mlango ukafungwa. Rhoda akafumba macho akawa anasali kwa midomo tu. Mayala alikaa mikono kwenye magoti, akiutazama mlango uliopakwa rangi ya bluu hadi nusu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekaa mbele ya mlango uliofungwa bila kujua kinachosemwa ndani na bila nia ya kukijua. Wagonjwa waliingia chumba cha pili, wakatoka. Bujiku alipimwa presha, akaambiwa apunguze chumvi, akaondoka akibisha. Ikapita nusu saa, ikapita nyingine.

Mlango ukafunguka kidogo. Nesi Rebeka akasimama kwenye upenyo, akamtazama Mayala, akageuka akamwuliza mtu wa ndani kitu kwa sauti ya chini. Mayala hakusikia alichouliza. Alichosikia ni sauti ya Wema, imechoka, ina mafua ya kulia, lakini haitetemeki.

"Baba aingie."

Mayala akavua kofia, akaingia, na kwa kuwa kiti kilichobaki kilikuwa mbali, upande wa dirisha, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mwanawe.